Chupa ya Dirishani

Mimi si mtu wa kutetemeka ovyo. Nimefanya kazi kwenye maabara ya kiwanda miaka kumi na mmoja. Bomba la mvuke liliwahi kupasuka hatua tatu kutoka niliposimama, na nilichouliza ni nani atapiga deki. Lakini asubuhi ile nilipofika dirishani nikaiona ile chupa, ilinibidi niishike meza.

Chupa ilikuwa imejigawa. Juu, zaidi ya nusu, palikuwa na maji ya rangi ya manjano hafifu, unaweza kuona mti wa nje kupitia humo. Chini palikuwa na donge jeupe limejibana kwenye kitako. Jana mchana kilikuwa kitu kimoja, kizito, laini, na mimi mwenyewe nilikisifia mbele ya watu.

Niseme kwanza tunatengeneza nini, maana bila hivyo utadhani nalia kwa sababu ya maziwa kuharibika. Kinywaji chetu ni cha watu ambao koo limewagoma. Mtu akipigwa na kiharusi, mara nyingine koo linasahau kazi yake. Maji mepesi yanapita haraka kabla mlango wa pumzi haujafunga, yanateremka kwenye mapafu, na mgonjwa anakohoa. Au hakohoi kabisa, na hapo ndipo pabaya zaidi, kwa sababu hakuna anayejua mpaka homa ya mapafu imeshamkamata. Kwa hiyo tunawatengenezea maziwa mazito, yanayoteremka taratibu kama uji, ili koo lipate muda wa kujipanga.

Baba yangu ni mmoja wao. Alikuwa fundi rangi kwa miaka arobaini, nyumba nzima nzima zimepita mikononi mwake, na sasa ni mwezi wa nane tangu upande wake wa kulia ulale. Ulimi nao ulilala. Maneno aliyobaki nayo ni mawili, "eh" na "a-a", na yaliyobaki yote anayasema kwa mkono wa kushoto.

Na ni kwa ajili yake nilijitia kimbelembele. Maziwa yetu yalikuwa na ladha ya vanila tu, asubuhi vanila, jioni vanila, mpaka Baba akawa anafumba mdomo akiiona chupa. Alikuwa anakonda. Nikamwambia meneja tujaribu ladha ya limau, yenye uchachu kidogo wa kuamsha ulimi. Meneja akasema, "Haya, Mama Vipimo, wewe ndiye mwenye vipimo." Hilo ndilo jina langu pale kazini, na nilikuwa nalipenda.

Ugumu wa limau ni huu. Maziwa yana protini. Uzito wa kinywaji chetu unatokana na unga mweupe ambao sisi tunauita ute. Ni minyororo mirefu ya sukari iliyoungana, ukiutia kwenye maji unayashika na kuyafanya mazito. Katika maziwa ya kawaida protini na ute vina chaji ya umeme ya aina moja, kwa hiyo vinasukumana kidogo, kila kimoja kinakaa kwake na maji yake, na amani inakuwepo. Ukitia uchachu kwa pupa, maziwa yanakatika hapo hapo. Mimi nikajiona mjanja. Nikatumia uchachu wa polepole, unga unaoyeyuka leo na kuchachuka kidogo kidogo kwa saa nyingi. Saa nane mchana tulipopima, maziwa yalikuwa laini ajabu. Nilijipongeza moyoni, nikakunywa kikombe kizima.

Kumbe uchachu ulikuwa bado unakuja. Ukifika mahali fulani, protini inabadilika chaji, na badala ya kuusukuma ute inaurukia. Vinakumbatiana kwa nguvu kiasi kwamba yale maji vilivyokuwa vimeyashika vinayaachia yote, halafu vinazama pamoja. Nilisoma hayo chuoni. Niliyajibu kwenye mtihani, nikapata alama nzuri.

Chupa ya dirishani ndiyo iliwekwa kwa ajili ya kuzuia mambo kama haya. Mkemia wetu wa zamani, mzee aliyestaafu miaka miwili iliyopita, alikuwa na sheria moja tu isiyokuwa na mjadala: kila tukitengeneza, chupa moja inasimama dirishani mchana na usiku kucha, na chupa hiyo haiguswi, haitikiswi, wala haisemeshwi. Kesho yake ikiwa imesimama vilevile, mzigo unatoka. Lakini jana hospitali walipiga simu kwamba wodi ya wagonjwa wa kiharusi imeishiwa. Meneja akaja na karatasi ya kutoa mzigo, akasimama mlangoni kama mtu anayebanwa na haja. Nikapima mara tatu. Mara tatu ikapita. Nikaitia sahihi saa tisa alasiri, na gari likapangiwa kuondoka alfajiri.

Nilipima mara tatu, na mara zote tatu nilitikisa chupa kwanza. Watu wa maabara tuko hivyo. Mkono unashika chupa, mkono unatikisa, kichwa hakishirikishwi. Nani anayepima kitu bila kukichanganya?

Sasa nilisimama mbele ya dirisha nikauzuia mkono wangu usitikise. Ilinibidi niuzuie kweli. Nikachukua bomba la sindano, nikalichovya pale juu bila kuigusa chupa, nikavuta. Kipimo chetu ni rahisi, hata muuguzi anakifanya wodini: unajaza bomba mpaka mililita kumi, unaachia kidole, unahesabu sekunde kumi, kisha unaangalia kilichobaki. Kinywaji cha Baba kinatakiwa kibakie nane.

Nikaachia kidole. Sikufika sekunde ya tatu. Bomba lilikuwa tupu, na meza imelowa.

Yalikuwa maji. Ni maji yenye ladha ya limau ambayo nimeyawekea nembo inayosema ni salama, na kwenye kabati dogo kando ya kitanda cha Baba ziko chupa mbili. Nilizipeleka mwenyewe jana, zile zenye nembo iliyobandikwa kombo, zisizouzwa, ambazo wafanyakazi tunaruhusiwa kuchukua. Baba anapata kifungua kinywa saa tatu. Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili na dakika arobaini na moja.

Nikampigia mdogo wangu, anayeshinda na Baba. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita. Nilimwona kabisa kichwani, anamwekea Baba taulo kifuani, anamimina, anamwambia fungua mdomo Baba yangu, leo kuna kitamu. Nikapiga mara ya tatu. Nilikuwa naongea peke yangu, pokea, pokea, pokea wewe mtoto, Mungu wangu pokea. Nikapiga mara ya nne, na nilipoitoa simu sikioni ndipo nikakumbuka kwamba duniani kuna watu wengine wenye baba.

Nikapiga wodini. Muuguzi alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Sista, yale maziwa ya limau mliyoletewa asubuhi, msimpe mtu!"

"Kwa nini? Yana nini?"

"Yamejitenga. Juu ni maji matupu."

Nikasikia simu inawekwa juu ya kitu kigumu, nikasikia kandambili zinakimbia, na sauti yake kwa mbali: "Wekeni chini! Vikombe vyote wekeni chini! Mtoeni kikombe mdomoni huyo!"

Sikungoja arudi. Nilikuwa nimeshika mpini wa mlango meneja alipoingia.

"Mama Vipimo, mbona umebadilika rangi hivyo? Unakwenda wapi?"

"Dirishani," nikamwambia. "Angalia dirishani, halafu piga simu kila mahali gari lilikopita. Kila mahali!"

Akaangalia. Uso ukamshuka. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye chupa, akasema, "Hebu tutikise, pengine itarudi." Nikampiga kofi mkononi. Meneja wangu, mtu mwenye ofisi na zulia, nilimpiga mkono kama mtoto anayedokoa nyama jikoni. Akaurudisha mkono mfukoni na kutoa simu.

Nje nilipata pikipiki. Nikamwambia dereva aende awezavyo, naye akaliangalia koti langu jeupe akadhani nakwenda kuokoa mgonjwa, akaendesha kama tunafukuzwa. Barabara ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mabomba. Nilijaribu kupiga tena, vidole vikawa vinateleza kwenye kioo kwa jasho.

Na kwa kuwa akili ya mtu mwenye hofu haichagui, nikaanza kumkumbuka Baba wa jana jioni. Nilikuwa nimeziweka zile chupa mbili kabatini, usawa wa macho yake, nikamnywesha ile ya mwisho ya vanila. Akaanza kunisumbua. Ananyoosha kidole, halafu anauzungusha mkono, anazungusha, kama mtu anayekoroga sukari. Nikamwambia, "Baba, chai imekatazwa. Tumeshazungumza." Akasema "a-a." Akazungusha tena, kwa hasira. Nikamwambia yeye na chai yake watanitoa roho, nikamfunika shuka, nikazima taa, nikaenda kukaa na simu yangu. Sasa juu ya pikipiki nilikuwa naapa kwamba nikimkuta mzima nitamwekea chai, nitaifanya nzito kwa mikono yangu, nitamkorogea sukari yote anayoitaka. Niliahidi mambo mengi kati ya kiwanda na nyumbani.

Geti lilikuwa wazi. Redio ilikuwa inapiga kelele uani. Niliita, hakuna aliyeitika. Nikapita sebuleni nikaingia chumbani kwa Baba, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kikombe. Kilikuwa kimelala sakafuni, kitupu.

Kando yake chupa moja ilikuwa imefunguliwa. Ile sehemu ya juu, yale maji, haikuwepo.

Baba alikuwa amekaa, ameegemea mito, macho yameelekea ukutani. Godoro lilikuwa halina shuka. Hakugeuka. Nilimkimbilia nikaweka sikio kifuani pake, huku namshika uso, namfungua mdomo kama ng'ombe wa mnadani. "Baba, umekunywa? Umekunywa kiasi gani? Kohoa! Baba, kohoa nikusikie!" Nilikuwa nalia. Sikusikia chochote isipokuwa moyo wangu mwenyewe.

"Dada?" Mdogo wangu alikuwa mlangoni, mikono imejaa povu. "Kuna nini? Mbona uko hapa saa hizi?"

"Amekunywa?"

"Anywe wapi! Mgomvi huyu. Nimemmiminia, kikombe kimefika mdomoni, akakipiga kwa huo mkono wake wa kushoto. Pyaa! Shuka lote, na mimi mwenyewe. Ndiyo niko uani nafua. Nilisema nikimaliza nakuja kujaribu tena na ile chupa nyingine, safari hii nimshike mkono."

"Hata funda moja?"

"Hata tone. Kanishinda. Nimemwambia nitakushtakia."

Nilikaa sakafuni, juu ya maziwa. Kicheko kilinitoka, kibaya, cha puani. Mdogo wangu akaniangalia kama anayefikiria kumwita mtu.

Kisha Baba akagusa bega langu. Alinyoosha kidole kwenye chupa ya pili, ile isiyofunguliwa, iliyokuwa bado kabatini usawa wa macho yake. Nembo ilikuwa imekaa kombo, ikaacha sehemu wazi, na kutoka pale chini niliona alichokuwa anakiona yeye tangu jana: mstari. Juu maji, chini donge. Jana jioni ulikuwa labda upana wa ukucha. Baba akauinua mkono wa kushoto, akaukunja kama ameshika kijiti, akazungusha. Polepole, kutoka chini kwenda juu, kama wanavyofanya mafundi kabla ya kuchovya brashi. Nimemwona akifanya hivyo utoto wangu wote. Rangi iliyokaa inajitenga kwenye kopo, na fundi akifungua kopo anaona.

"Hakuwa anataka chai," nikasema.

"Eh," akasema Baba.

Alikuwa ameniambia. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, na gari la mzigo lilikuwa bado limeegeshwa kiwandani, milango imefungwa, likisubiri alfajiri. Aliniambia mara tatu au nne, kwa lugha pekee aliyobaki nayo, na mimi mwenye vipimo nikamfunika shuka.

Simu ikaita mfukoni. Ilikuwa wodi.

"Tumezikusanya zote," muuguzi alisema. Alikuwa anahema. "Isipokuwa moja. Mzee wa kitanda cha karibu na mlango. Alikunywa kama mafunda manne kabla hujapiga. Anakohoa. Daktari anamsikiliza kifua sasa hivi."

"Alianza kunywa saa ngapi?"

"Mbona unauliza hivyo?"

"Niambie tu, Sista."

Nikasikia karatasi. Wao huandika kila kitu. "Saa mbili na dakika arobaini na tano."

Niliiangalia simu yangu. Simu haisahau. Nyumbani, arobaini na moja. Nyumbani, tena. Nyumbani. Nyumbani. Wodini, arobaini na saba.

Baba alikuwa ananitazama. Nikamweleza yote, maana kwake huwezi kudanganya, ana muda mwingi wa kukuangalia. Nilimwambia nilimpigia nani kwanza, na mara ngapi. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea mlangoni, na hakuushusha mpaka niliposimama.

Wodini, yule mzee alikuwa mwembamba, ana kofia ya sufu kichwani na mrija wa hewa puani. Kila baada ya pumzi kadhaa alikohoa kikohozi chenye maji ndani yake. Kwenye kiti kando yake alikaa mwanamke wa umri wangu, ameushika mguu wa baba yake juu ya blanketi. Muuguzi alimnong'oneza kitu akinionyesha mimi, na yule mwanamke akainuka haraka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Dada, nimeambiwa ni wewe uliyepiga simu. Nilikuwa namnywesha mimi. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Ungechelewa kidogo tu angekimaliza. Asante sana. Asante kwa kutuwahi."

Mzee alikohoa. Wote watatu tuligeuka tukangoja kikohozi kiishe. Kilichukua muda.

"Daktari anasemaje?" nikauliza.

"Tusubiri siku mbili. Homa ikipanda, basi ni mapafu." Alikuwa bado ameushika mkono wangu. "Lakini umetuwahi."

Ningeweza kunyamaza. Koti jeupe linasaidia sana kunyamaza. Lakini kile kikohozi kilikuwa mita moja kutoka kwangu.

"Sikuwahi," nikasema. "Mimi ndiye niliyeyatengeneza maziwa hayo, mimi ndiye niliyeyatia sahihi. Na nilipogundua, nilipiga nyumbani kwanza. Baba yangu naye anayo hali hii. Nilipiga mara nne. Dakika sita. Ndipo nikapiga hapa."

Aliniangalia usoni, kisha akamwangalia baba yake, kisha akaniangalia tena. Nilijiandaa kupigwa kofi, na nadhani ningelipokea kwa shukrani.

"Baba yako anaendeleaje?" akauliza.

"Mzima," nikasema. "Hakunywa hata tone."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Halafu akaitoa mikono yake juu ya mkono wangu, akarudi kwenye kiti, na kuushika tena ule mguu.